Ni nani anayetambua taifa? Habari ya Israeli, Afrika ya Mashariki na sisi wa Kalemie

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 12:1-3; Walawi 19:33-34; Amosi 9:7; Warumi 11:16-24.



Katika kipindi cha mafundisho tulisoma habari ya Ibrahimu, jinsi Mungu alivyomwita atoke kwao na kumwahidi kwamba wanaombariki watabarikiwa. Baada ya kipindi simu zililia sana. Mama mmoja aliuliza: "Mnaposema tubariki Israeli, ni Israeli gani? Ile ya Biblia, ile yenye bendera na jeshi, ama sisi tulio kanisa?" Kijana mmoja akauliza kama ni vibaya kula pamoja na jirani yake Mwislamu wakati vita ya kule inaendelea. Na baba mmoja, aliyekimbia kijiji chake upande wa Nyunzu, akauliza swali lililotunyamazisha: "Mataifa walikaa, wakaamua Wayahudi wapate mahali. Sisi, ni nani atakaa kwa ajili yetu?"

Maswali haya hayajibiwi kwa kupiga kelele ya "Haleluya" na kuendelea na wimbo. Tumeona vema tuyajibu kwa historia, kwa sababu mambo mengine ya habari hii yalitendeka karibu na sisi kuliko tunavyofikiri.

Nchi iliyotolewa Afrika

Wengi wetu tunajua kwamba taifa la Israeli la leo lilitangazwa mwaka 1948. Wachache wanajua kwamba miaka 45 mbele ya hapo, makao ya Wayahudi yalikaribia kuwekwa hapa Afrika ya Mashariki, katika nchi ambayo leo ni Kenya.

Mwezi wa Aprili 1903, katika siku za Pasaka, watu wa mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya mfalme wa Urusi, waliwashambulia majirani wao Wayahudi. Karibu watu 50 waliuawa, mamia wakaumizwa, nyumba na maduka yakavunjwa. Wapendwa, tusiruke neno hili: waliofanya hivyo walijiita Wakristo, na ilikuwa sikukuu ya kufufuka kwa Bwana.

Wakati huo Theodor Herzl, mwandishi wa magazeti wa mji wa Vienna, alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha kuwatafutia Wayahudi nchi. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Basel, Uswisi, mwaka 1897. Herzl alibisha kwenye milango ya wafalme wengi. Mlango uliofunguka kidogo ulikuwa wa Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, ambaye mwisho wa 1902 alikuwa amesafiri kwa reli mpya ya kutoka Mombasa. Mwezi wa Agosti 1903 serikali ya Uingereza iliandika barua ya kusema kwamba iko tayari kufikiria Wayahudi wapewe sehemu ya nchi ile wakae na kujitawala katika mambo yao. Sehemu yenyewe ilikuwa nyanda za juu za Uasin Gishu. Mpango ukaitwa "wa Uganda", kwa kuwa mpaka mwaka 1902 eneo lile lilihesabiwa kuwa la Uganda.

Herzl akaipeleka habari kwa mkutano wa sita, Basel, mwezi ule ule. Wajumbe 295 walikubali watumwe watu wa kuikagua nchi, 178 walikataa. Waliokataa kwa nguvu zaidi walikuwa Wayahudi wa Urusi, wale wale waliokuwa wakiuawa. Walitoka ukumbini, wengine wakilia kama watu wa matanga. Kwa nini mtu anayekufa maji akatae mtumbwi? Kwa sababu mioyo yao haikutafuta shamba tu. Walitafuta Sayuni, mahali ambapo babu zao walikuwa wakipataja katika sala kwa karne nyingi.

Wakaguzi watatu walifika Uasin Gishu mwanzo wa 1905. Herzl hakuona mwisho wa jambo hili; alikufa Julai 1904. Mkutano wa saba, mwaka 1905, uliikataa nchi ile.

Lakini kuna upande wa pili ambao katika mikutano ile ya Basel na London haukuwa na kiti. Uasin Gishu haikuwa nchi tupu. Wamaasai walikuwa wamelisha ng'ombe humo, na Wanandi waliishi kando yake na kuitumia. Hakuna aliyewauliza. Mwezi wa Oktoba 1905, mwaka ule ule Wayahudi waliokataa nchi hiyo, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na ofisa wa Kiingereza katika mkutano uliosemwa kuwa wa amani. Miaka mitatu baadaye walowezi wa Kiburu kutoka Afrika ya Kusini walikuja na magari yao ya ng'ombe, wakagawiwa mashamba. Mji wa Eldoret ulianza kwenye shamba namba 64, ndiyo maana hata leo wazee wanauita Sisibo.

Tushike fundisho hili: mtu aliye ofisini mbali akisema nchi fulani ni tupu, maana yake mara nyingi ni kwamba yeye hajakutana na wenye kuishi humo.

Wayahudi wa Katanga yetu

Msifikiri Wayahudi ni habari ya Ulaya tu. Katika mji ulioitwa Elisabethville, leo Lubumbashi, walikuja wafanyabiashara Wayahudi kutoka kisiwa cha Rodos, katika bahari ya Mediterania. Walijenga sinagogi lao, lililofunguliwa mwaka 1930. Tangu 1937 mpaka 1991 rabi wao mkubwa alikuwa Moïse Levy. Wazee wetu waliofanya kazi Lubumbashi waliwajua: walinunua vitambaa katika maduka yao.

Mwezi wa Julai 1944, Wajerumani waliokuwa wameshika kisiwa cha Rodos waliwakusanya Wayahudi waliobaki kule, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka kwa meli na treni mpaka Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa karibu 150. Watu waliokuwa wakiuza vitambaa Elisabethville waliishi; wazazi na ndugu waliowaacha nyumbani walikufa. Hao ni sehemu ndogo ya Wayahudi karibu milioni 6 waliouawa katika vita ile.

Basi tukisikia kwamba taifa lilitafuta mahali pa kukaa, tusifikiri ni maneno ya siasa tu. Walikuwa watu ambao mlango baada ya mlango ulifungwa mbele yao.

Kura na karatasi

Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa, ambao sisi tunauita ONU, ulipiga kura juu ya kuigawa Palestina kuwa nchi mbili, moja ya Wayahudi na moja ya Waarabu. Nchi 33 zilikubali, 13 zilikataa, 10 hazikuchagua upande. Afrika nzima ilikuwa na viti vinne tu: Liberia na Afrika ya Kusini zilikubali, Misri ilikataa, Ethiopia haikuchagua. Ubelgiji ilikubali. Kongo haikuulizwa, wakati ule mji wetu uliitwa Albertville, na babu zetu hawakuwa na sauti hata juu ya barabara ya mtaa wao.

Tarehe 14 Mei 1948, Tel Aviv, David Ben-Gurion alitangaza taifa la Israeli. Siku ile ile Marekani ikalitambua. Siku tatu baadaye Urusi ya Kisoveti nayo. Tarehe 11 Mei 1949 Israeli ikaingia ONU. Lakini ile nchi ya pili iliyokuwa kwenye karatasi haikuzaliwa. Vita ilikuja, na Wapalestina karibu 700,000 walipoteza makao yao. Kati yao walikuwamo Waislamu, na walikuwamo Wakristo pia, watu wa makanisa ya kale sana. Ilipita miaka 65 kamili, na tarehe ile ile, 29 Novemba 2012, ONU ikaipa Palestina cheo cha nchi mtazamaji, kwa kura 138.

Sisi wa hapa tunajua vizuri nguvu ya kutambuliwa, kwa maana tumeona nchi iliyokosa. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, ilikuwa na franka zake, tembri za posta, askari na mawaziri. Ubelgiji iliisaidia kwa watu na silaha. Lakini hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua rasmi, hata Ubelgiji yenyewe. Na ndani, watu wengi wa kaskazini, upande wetu huu, waliofuata chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, waliikataa. Vijiji vingi vilichomwa. Mwezi wa Januari 1963 ikaisha. Sendwe mwenyewe aliuawa hapa hapa mjini kwetu mwaka uliofuata, Juni 1964.

Kwa hiyo bendera haitoshi kufanya taifa. Mali ya ardhi haitoshi. Inahitaji watu wa ndani wakubali, na watu wa nje watambue. Na hata kutambua kwa watu wa nje hubadilika kama upepo wa ziwa: mwaka 1973 Mobutu alivunja uhusiano wa Zaire na Israeli, na mwaka 1982 akaurudisha. Ibrahimu hakubadilika katika miaka ile tisa. Ahadi ya Mungu haikukatika mwaka 1973 wala haikufunguliwa tena mwaka 1982. Karatasi za serikali zina kazi yake, lakini tusizichanganye na neno la Bwana.

Wayahudi wa Mbale

Sasa tuje kwa watu waliotafuta kutambuliwa kwa njia nyingine kabisa.

Huko Uganda alikuwako jemadari Mganda jina lake Semei Kakungulu. Alikuwa Mprotestanti, msomaji mkubwa wa Biblia. Aliwasaidia Waingereza kuishika Uganda ya mashariki, akitumaini watamfanya mfalme wa huko. Hawakumfanya. Aliondoka kwao polepole, na mwaka 1919, akisoma vitabu vya Musa, akajitahiri pamoja na wanawe. Watu wakamwambia kwamba Wakristo hawafanyi hivyo, hayo ni ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Hapo hapakuwa na mmisionari Myahudi, wala fedha kutoka nje. Palikuwa na Biblia tu. Alikufa mwaka 1928, akaacha kundi karibu na Mbale linaloitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Idi Amin alipotawala, alikataza dini yao. Masinagogi yalifungwa. Kutoka watu elfu kadhaa wakabaki mia kadhaa, wakisali kwa siri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku ile Pasaka ya Wayahudi ilianza. Hata leo wanaisimulia habari hiyo kama vile sisi tunavyosimulia Kutoka.

Lakini je, Wayahudi wa dunia waliwatambua? Wengine ndiyo, wengine bado. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli walikuja, wakawapokea watu mamia kwa taratibu zao za dini. Gershom Sizomu, mtoto wa kundi hilo, alisoma Los Angeles akawa rabi mwaka 2008, kisha akachaguliwa mbunge mwaka 2016. Lakini mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilimkatalia mmoja wao aliyeomba kuhamia kule kama Myahudi. Fikirini: watu walioshika sabato kwa miaka 100, waliovumilia Amin, wakaambiwa mlangoni kwamba karatasi zao hazitoshi.

Je, walikaa chini wakalia? Mmoja wao, J. J. Keki, alikuwa New York siku ya 11 Septemba 2001, akaona kwa macho yake kinachotokea watu wakichukiana kwa jina la Mungu. Aliporudi kijijini alizunguka nyumba kwa nyumba, na mwaka 2004 wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu wakaunda ushirika mmoja. Wakauita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Hawakuacha kila mtu dini yake. Waliuza kahawa pamoja, watoto wao wakapata karo.

Maneno yaliyo kinywani mwetu

Tukisema Wayahudi, Wakristo na Waislamu wana mizizi iliyokaribiana, wengine wanaogopa kwamba tunamshusha Kristo. Hapana. Kristo kwetu ni Bwana, na hilo hatuliuzi. Lakini sikilizeni maneno tunayotumia kila Jumapili. Malaika, kwa Kiebrania ni mal'akh. Nabii ni navi. Shetani ni satan. Baraka ni berakha. Roho ni ruah. Sadaka ni ndugu wa tsedaka, na salamu ni ndugu wa shalom. Maneno haya yalitufikia kwa njia ya Kiarabu, lugha iliyo ndugu ya Kiebrania. Yaliletwa na Kiswahili cha watu wa pwani waliopita Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Mtowa, hapa karibu nasi. Wengine wao walikuwa wafanyabiashara wa watumwa. Njia ilikuwa ya machozi. Hata hivyo, mmisionari alipotaka kumhubiri Yesu kwa Kiswahili, alikuta maneno ya kuhubiria yako tayari kinywani mwa watu.

Kwa hiyo kila tunapofunga maombi na kusema "Amina", tunasema neno la Kiebrania, ambalo jirani yetu Mwislamu naye analisema. Mtume Paulo aliwaonya Warumi kwamba sisi wa mataifa ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, na kwamba tawi halichukui shina, bali shina linalichukua tawi. Tawi lisijivune.

Majibu yetu

Mama aliyeuliza ni Israeli gani, tunakujibu hivi. Israeli ya Biblia ni shina lililotuzaa katika imani, tuliheshimu. Serikali ya Israeli ya leo ni serikali ya wanadamu, kama ya Kinshasa. Iko na haki ya kuwako, na inapimwa kwa kipimo kile kile manabii walichotumia kwa wafalme wa zamani: inamtendea namna gani mgeni, mjane na mnyonge. Kubariki ni kuwatakia Wayahudi uzima na usalama. Haina maana ya kufunga macho Mpalestina akilia. Katika Amosi, Mungu anawakumbusha Israeli kwamba Wakushi pia ni wake, na kwamba aliwatoa Wafilisti na Waaramu pia kutoka mahali pao, kama alivyowatoa wao Misri.

Kijana, kula na jirani yako. Vita ya mbali isikupokonye mtu aliyekusaidia kubeba maiti ya mama yako. Kama Wayahudi na Waislamu wa Mbale wanaweza kukausha kahawa pamoja, sisi tunaweza kukaa meza moja na kugawana dagaa na ugali.

Na baba yetu wa Nyunzu, swali lako limetuumiza, kwa sababu hapa tunaingia sisi wenyewe. Tangu mwaka 2013, na zaidi sana mwaka 2016 na 2017, Watwa na Waluba wa jimbo letu waliuana. Mamia ya maelfu walikimbia, na kando ya mji huu tuliona vibanda vya majani vikienea. Chanzo kimoja kilikuwa hiki hiki tulichokisimulia: ni nani anatambuliwa kuwa mwenye nchi, ni nani ana chifu, ni nani ana shamba, ni nani anaitwa mtu kamili. Mtwa aliambiwa miaka mingi kwamba pori lake ni nchi tupu, kama Uasin Gishu. Na Waluba wengi waliochomewa nyumba hawakuwa na kosa lolote.

Mwezi wa Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Watwa na ndugu zao wa asili katika Kongo nzima. Ni jambo jema. Lakini tumejifunza leo kwamba karatasi inatoka mbali, na mlango uko karibu. Wako Wakristo wanaopeperusha bendera ya Israeli katika mkesha, na asubuhi wanakataa kuketi benchi moja na Mtwa. Wanatambua taifa lililo mbali sana, wasimtambue mtu aliye nyuma yao katika mstari wa meza ya Bwana. Na sisi wa redio tumo: ni mara ngapi tumemwita Mtwa kwenye maikrofoni aseme mwenyewe? Ni mara chache sana. Tunatubu, na tutabadilika.

Ndiyo, baba, mataifa wanaweza wasikae kwa ajili yako. Lakini kanisa linaweza kukaa, Jumapili hii, kwenye benchi lako.

Tuombe: Ee Mungu wa Ibrahimu, uwape amani watu wote wa nchi ile, Wayahudi na Wapalestina. Uwarudishe wakimbizi wetu makwao, Watwa na Waluba. Utufundishe kumtambua yule uliyemwumba. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwa seli za nyumbani: (1) Ni nani katika mtaa wetu ambaye hatujamtambua? (2) Someni Walawi 19:33-34, kisha mpange kumtembelea mmoja kabla ya Jumapili.